Mumbere Anunua Redio Moja

Miaka ile ya vita, kabla mnara wa simu haujasimamishwa upande wa Ntoto, habari zilitembea kwa miguu. Zilitoka Masisi pamoja na wabebaji wa chumvi na sabuni, na zilipofika zilikuwa zimekwisha kuchakaa. Mumbere, mwenye duka pale Ntoto, alikuwa amechoshwa nazo. Zaidi ya mara moja aliambiwa njia ni nzuri, akatuma watu na madumu ya mafuta ya mawese, wakarudi mikono mitupu wakisimulia ni kundi gani lililowapokonya safari hii.

Alikuwa Mnande wa Butembo, mfupi, mwepesi wa mdomo, na tangu ujana alipenda mambo ya hewani. Alikuwa na redio ya kusikilizia stesheni za mbali, na kila jioni aliizungusha mpaka mkewe Benita akasema huyo ndiye mke mkubwa wa nyumba. Lakini redio ile ilikuwa ya kusikia tu. Mumbere alitaka ya kujibu.

Basi aliposikia kwamba Hakorimana, fundi wa redio wa soko la Masisi, amepata tokiwoki, yaani zile redio za mkononi wanazoongea nazo walinzi, alitia fedha aliyokuwa nayo ndani ya soksi akashika njia.

Hakorimana alimpangia redio mezani. Ya kwanza ilikuwa kubwa, yenye taa za rangi na antena ndefu kama fimbo ya kuchungia ng'ombe. Mumbere aliipenda mara moja, akaishika, akajitazama kwenye kioo cha dirisha.

"Inakula pile gani?" akauliza, akitafuta mahali pa betri.

"Haikule pile. Inataka kurant, Papa. Unaichomeka usiku, asubuyi imejaa."

"Ntoto hakuna kurant. Ntaichomeka mu muhogo?"

Akairudisha mezani, kwa huzuni kidogo. Ya pili ilikuwa ya kijani, nzito, ya kazi ngumu.

"Hii inaongea mbali sana," Hakorimana akasema.

"Itaongea mbali, na miye ntaenda kujieleza karibu, mbele ya komanda. Rangi hii ni ya basoda. Ondoa."

Ya tatu ilikuwa ndogo, nyeusi, imepasuka pembeni na kufungwa kwa utepe. Mumbere hakutaka hata kuigusa. Lakini Hakorimana alifungua mgongo wake akamwonyesha kwamba ilikula pile za kawaida, zilezile za tochi, ambazo Mumbere mwenyewe aliziuza dukani. Tena alikuwa na mbili za namna hiyo, ndugu moja kabisa. Wakazijaribu. Mumbere akapanda na moja hadi kwenye kilima cha parokia, Hakorimana akabaki mezani na nyingine, na sauti ya fundi ikafika kule juu safi, pamoja na sauti ya mama mmoja aliyekuwa akimdai redio yake aliyoileta kutengenezwa tangu Pasaka.

Mumbere akashuka akicheka. "Nachukua hii."

"Moja?"

"Fedha iko ya moja."

Hakorimana alimtazama kwa huruma. "Sasa, Papa Mumbere, utaongea na nani?"

Swali hilo lilimkaa Mumbere vibaya. Njia nzima alikuwa amefikiria atakavyoongea, hakufikiria nani atamjibu. Aliinama, akakuna kidevu. Halafu macho yake yakavuka barabara, yakatua kwenye duka la Blandine, mama aliyeuza fromaji, yaani jibini ya Masisi.

Blandine naye alikuwa Mnande, na zamani yeye na Mumbere walikuwa na lori la pamoja. Siku moja, likitoka Sake, likaingia bondeni na maharage yote. Dereva alipona, lakini urafiki haukupona, maana kila mmoja alisema ni mwenzake aliyemchagua dereva yule. Tangu hapo hawakusalimiana. Lakini Blandine hakuweza kuvumilia Mumbere awe na kitu asicho nacho yeye. Mumbere akileta kitenge kipya, mwezi hauishi Blandine anacho, tena chenye rangi kali zaidi.

Mumbere akaificha redio ndani ya koti, lakini akaificha vibaya, antena ikachungulia shingoni. Akamshika fundi mkono, wakavuka barabara, wakasimama mbele ya mlango wa Blandine kana kwamba wanatafuta kivuli.

"Ile ingine usiuzishe," akanong'ona, kwa mnong'ono wa kusikika hadi kwenye magunia ya nyuma. "Sana sana usipatie muntu wa duka. Akinisikia naongea bei na rafiki yangu wa Walikale, biashara yangu imekufa."

Ndani ya duka, kelele ya mizani ilinyamaza.

Kesho yake asubuhi, Mumbere alipokuwa anafunga mzigo, Hakorimana alimfuata akiwa na uso wa mtu aliyekula vizuri. "Alikuja," akasema. "Amenunua. Alisema nimuwekee frekansi ileile ya kwako, akusikie vizuri. Lakini kifungo cha kuongea nisimuonyeshe, juu hatakitumia."

"Ukamuonyesha?"

"Nilimuonyesha kile hapashwe kugusa."

Njiani, kwenye barieri ya askari, soda mmoja wao aliingiza mkono katika gunia la Mumbere akaitoa redio. Wengine walipigwa kama wapelelezi kwa kitu kidogo kuliko hicho.

"Hii nini?"

"Redio ya zamani, chef. Haijasema neno moja tangu naijua."

Soda akaifungua, akaiweka sikioni. Ikasema *shshsh*. Akaizungusha, ikasema *shshsh*. "Na unaibeba ya nini?"

"Nilishailipia, chef. Roho inauma kuitupa."

Yule soda alicheka, akairudisha na kuchukua sabuni badala yake. Alipofika Ntoto, Mumbere aliipeleka kwanza kwa chefu wa kijiji, ambaye aliikubali kwa sharti kwamba habari yoyote ya vita aambiwe yeye kabla ya watu wa baa.

Kuanzia hapo, kila asubuhi Mumbere alipanda hadi shamba lake la juu, mahali unapoona milima ya Masisi kukiwa hakuna ukungu, akabonyeza kifungo na kuongea na rafiki yake wa Walikale, Papa Paul. Papa Paul hakuwako duniani. Mumbere alimwuliza bei ya mawese, akanyamaza kidogo kama anayesikiliza, akacheka kwa adabu, akamwuliza watoto. Alijua kuna sikio Masisi. Lakini sikio lile halikusema kitu. Siku zikapita, pile zikaanza kuchoka.

"Papa Paul," Mumbere akasema asubuhi moja, "unauliza fromaji ya Masisi? Nunua kwa muntu yeyote, isipokuwa kwa Mama Blandine. Ya kwake inanuka sabuni."

Redio ikakohoa.

"Fromaji yangu hainuke sabuni," ikasema sauti ya Blandine, wazi kama yupo nyuma ya mgomba. "Weye njo unanuka sabuni, na haikusaidie. Na huyo Paul yako mwambie anyamaze, hata kama hajasema kitu tangu siku ya kwanza. Ulizani mi ni mujinga?"

Mumbere alikaa chini kwenye majani. Miaka yote ile hakuwa amesikia sauti yake ikimwelekea yeye. Akabonyeza kifungo akitaka kusema jambo la heshima, na mdomo ukasema lingine: "Na dereva ulimchagua weye."

Wakagombana juu ya lori wiki nzima. Benita alipanda siku moja kusikiliza, akashuka akisema hao wawili wamekosana hivyo kwa kukosa nafasi ya kuongea tu.

Kisha ikaja asubuhi ambayo Mumbere alifungua redio akamkuta Blandine tayari anaita, kwa sauti ya chini isiyo na utani.

"Mumbere. Batu yako banatoka leo?"

"Bamekwisha kufunga mizigo."

"Basitoke. Basoda bamepita hapa toka alfajiri, bengi, banashuka njia ya kwenu. Na wale bengine banawangojea. Mi nimefunga duka."

Mumbere alisita. Mafuta yake yasipofika Masisi, ya Blandine yatauzwa bei anayotaka. Huenda alikuwa analipishwa yale maneno ya fromaji inayonuka sabuni. Alibonyeza kifungo. "Blandine, unacheza na miye?"

"Leo hapana," akasema. Na nyuma ya sauti yake, mbali, kitu kikapasuka, halafu vingine vingi.

Mumbere alishuka mlima akiteleza kwa makalio. Aliwakuta wabebaji wanaaga. Bienvenu, mkubwa wao, akanung'unika kwamba siku bila mzigo ni siku bila posho, na kwamba tajiri sasa anaongozwa na wanawake wa hewani. Mumbere akakaa juu ya dumu lake akakataa kuinuka. Saa sita ikajulikana: milio ya risasi ilitanda njia yote, na jioni familia za vijiji vya mbele zikaingia Ntoto na magodoro kichwani. Bienvenu ndiye aliyewapokea na kuwaonyesha mahali pa kulala.

Njia ilipotulia, Mumbere alikwenda Masisi mwenyewe na mafuta. Blandine alimwekea kiti mlangoni, akamkatia fromaji kipande kikubwa, akasimama mbele yake na mikono kiunoni mpaka akaimaliza yote. Ilikuwa tamu, na Mumbere alilazimishwa kulitamka hilo mbele ya wateja. Wakarudi kwenye habari ya dereva hadi giza likaingia.

Mumbere alimwachia lile dumu la mafuta alilolikalia siku ile, naye Blandine hakumwuliza bei. Wafanyabiashara wengine, kuona hivyo, walimvamia Hakorimana kutafuta redio, akawaagizia kutoka Goma, na wote akawawekea frekansi moja, kwa sababu ndiyo aliyoijua vizuri. Kufika msimu wa maharage, Mumbere alikuwa anapanda shambani kwake kabla ya jua, akabonyeza kifungo, na hewa ilikuwa imekwisha kujaa watu wanaogombana kuhusu chumvi.