Homa Iliyoatamia Mayai

Asubuhi hiyo Mama Kapinga alinawa mikono kwa sabuni, akapiga ishara ya msalaba, akafungua kifuniko cha kuvezi, sanduku lake la kuatamishia, ili ageuze mayai. Kila yai lilikuwa na msalaba wa penseli upande mmoja na duara upande wa pili, asije akageuza moja mara mbili na kusahau jingine. Kuku hugeuza mayai yake bila penseli, lakini katika mtaa wao wa Kamina hapakubaki kuku hata mmoja. Kideri kilipita wakati wa kiangazi kikafagia mabanda yote. Mayai haya yalitoka Kinkondja, nyuma ya baiskeli ya muuza samaki, yamefukiwa ndani ya pumba, na hadi leo yalinuka samaki kidogo.

Kuvezi yenyewe ilikuwa sanduku la mbao alilolipiga Banza seremala: maranda kati ya kuta mbili, taa ya mafuta chini, bakuli la maji ndani ili maganda yasikauke. Kioo cha juu kilitolewa kwenye fremu ya picha ya arusi ya Kapinga, na marehemu mume wake sasa alikaa ukutani bila kioo, vumbi likimkalia usoni. Umeme haukuwapo. Nyaya kubwa zilipita juu ya mapaa, zikitoka kwenye mto wa mbali na kwenda migodini. Mvua ikikaribia zilivuma kama nyuki. Nazo hazikuwa na shauri na watu wa chini.

Kando ya sanduku, juu ya mkeka, alilala Noémie, mtoto wa marehemu binti yake. Homa ilimshika tangu Jumapili. Kapinga alikwisha kumbeba hadi kituo cha afya, kwa muuguzi Chrispin, naye alimpima mtoto kisha akafungua kabati ili Kapinga aone mwenyewe. Ndani mlikuwa na mbao za kabati tu.

"Dawa iko mu treni, Mama," alisema Chrispin. "Na treni inalala kule nyuma ya Bukama."

"Na mutoto ataweza kungojea treni?"

"Sisi wote tunangojea, Mama."

Adhuhuri taa ilizimika. Mafuta yalikuwa yameisha, na Kapinga hakuwa na chupa nyingine. Aliketi mbele ya kioo, rozari mkononi, akisubiri kipimajoto kishuke na mayai yafe. Hakikushuka. Kilibaki palepale, thelathini na saba na nusu, kama mayai yanavyotaka. Akagusa taa: baridi. Akagusa paji la uso la mtoto: baridi pia. Homa ilikuwa imeinuka kwenye mkeka na kuingia ndani ya sanduku, kwa kuwa mlikuwa na kitu cha kutia joto.

Kapinga alisema Salamu Maria moja ya shukrani, akasonga bukari. Noémie alikula ugali huo na sombe, majani ya muhogo, akaomba aongezewe.

Jioni ilipofika zamu ya kugeuza, homa ilitoka mara kifuniko kilipoinuliwa. Noémie, aliyekuwa anasimulia habari ya mbuzi wa jirani, akaanguka katikati ya neno na meno yakaanza kugongana. Bibi yake aligeuza mayai upesi, msalaba chini, duara juu, akafunga. Mtoto akaketi akamalizia habari ya mbuzi. Ikawa hivyo asubuhi, adhuhuri na jioni. Yai lisipogeuzwa, kifaranga hugandana na ganda. Kwa hiyo mtoto aliugua kwa muda wa Salamu Maria tatu, kisha akapona mpaka zamu nyingine. Wote wawili walizoea. Kapinga alipomulika mayai kwa tochi ya simu aliona mishipa myekundu, na katikati moyo mweusi ukirukaruka mbio, kama moyo wa mtoto mwenye homa.

Jirani yake Bilonda, aliyemwita yaya kama dada mkubwa, alikuja kuona, akacheka hadi akashika mlango.

"Yaya Kapinga! Weye Mukasai wa kweli, bantu ya Kasai habalale bila kazi. Hata homa unaitafutia kazi!"

"Na ya kwenu hapa inalala tu bure, ndogo yangu."

Chrispin naye alikuja. Alimkuta Noémie anaruka kamba uani. Akaweka kiganja juu ya paji lake, kisha juu ya mbao za sanduku.

"Homa iko mule," alisema.

"Ndiyo, njo iko mule."

"Basi ntaandika kwamba mu mutaa hii homa ilipunguka."

"Uandike na fasi, mahali inaikala, docta."

"Ripoti iko na fasi ya bantu, Mama. Ya sanduku haina." Akashukuru kwa kiti na kuondoka. Mtaa ulioandikwa kwamba homa imepungua hupewa dawa kidogo, na hilo Chrispin alilijua kuliko wote.

Siku ya tatu baada ya hapo Bilonda alirudi, na safari hii hakucheka. Mgongoni alikuwa na Monga, mtoto wake wa kiume, ambaye meno ya mbele ndiyo kwanza yalikuwa yanatoka. Mtoto alikuwa anaungua. Kapinga alimwonyesha mkeka. Walimlaza, na homa yake ikaenda moja kwa moja sandukuni, kama mtu aliyeelekezwa nyumba. Monga akafumbua macho akatafuta ziwa la mama yake. Kipimajoto kikapanda thelathini na nane, thelathini na tisa, kikazidi kupanda.

Kapinga akamwondoa Monga mkekani kwa mikono yake mwenyewe, akamweka nje ya mlango. Mtoto akaanza tena kuungua, na kipimajoto kikashuka mahali pake.

"Haifae, ndogo yangu. Mayai itaiva. Ikiiva, homa zote mbili zitatoka."

"Upunguze ya Noémie kidogo. Nusu kwa nusu, yaya."

Kapinga alimwangalia mjukuu wake, aliyekuwa anachezea kamba. "Tafuta mayai yako," alisema. "Banza atakupigia sanduku."

"Mayai wapi? Kuku iliisha yote."

Bilonda hakumtukana. Alimfunga mtoto mgongoni kwa kitenge chake cha samaki wekundu, akashika njia ya vijijini, mwendo wa mtu anayewahi kazi. Siku hiyo rozari ya Kapinga haikuvuka fumbo la tatu. Kila alipofika hapo alisahau alichokuwa anaomba, akarudi mwanzo.

Siku za mwisho kuvezi haifunguliwi kabisa, kwa sababu vifaranga wanajipanga kutoka. Noémie alikuwa mzima tangu kuamka hadi kulala. Alichota maji, aliimba, alinenepa mashavu. Kapinga alizunguka sokoni akitafuta mayai mengine, maana alikwisha kuona jambo moja: vifaranga wakitoka, homa haitakuwa na cha kutia joto. Sokoni kulikuwa na mayai ya Zambia, meupe, yamepangwa vizuri, mayai yasiyojua jogoo. Alishika moja, akalirudisha. Homa haikalii yai lisilo na mtu ndani.

Akiwa njiani kurudi alisikia kilio kwa Bilonda. Monga alifia mgongoni mwa mama yake, kati ya kijiji kimoja na kingine, na mama alitembea kipande kirefu kabla ya kujua. Kapinga alikwenda na sahani ya unga, akaketi mkekani pamoja na wanawake wengine. Bilonda alimpokea unga kwa mikono miwili, kama heshima inavyotaka.

Kisha kugonga kukaanza ndani ya maganda. Vifaranga walitoka wameloa, wakakauka, wakawa wa manjano. Noémie alibandika uso kwenye kioo, akamwita bibi yake.

"Kaku, batoto ya kuku ilitoka! Bafungulie, bako na njaa."

"Ngoja."

"Banalia, Kaku."

"Banaweza kungojea. Bako na kiini mu tumbo."

Hiyo ni kweli, kifaranga anaweza kukaa siku mbili bila chakula. Kapinga aliziacha siku hizo zipite. Siku ya pili treni ilipiga honi stesheni, na mtaa mzima ulitoka nje. Chrispin alirudi kwa miguu, mikono mitupu.

"Saruji," alisema akiwa bado barabarani. "Saruji, bia na mabati. Dawa itakuja na ingine."

Walipokuwa bado wanamsikiliza, ndani kifaranga mmoja alilaza kichwa juu ya mwenzake na hakukiinua tena. Noémie alimwona. Akafungua kifuniko mwenyewe.

Homa ilitoka. Muda wote huo ilikuwa imelala mahali pazuri bila kusumbuliwa, nayo ilikuwa imenenepa. Kapinga alipoingia mtoto alikuwa chini, macho yamegeuka meupe, mwili umekakamaa, na vifaranga wanatembea juu yake wakielekea kwenye mwanga wa mlango. Kapinga alifunga sanduku tupu, akalifungua, akalifunga tena. Akaliita jina la Mama wa Mungu.

Bilonda alisimama mlangoni. Kitenge cha samaki wekundu kilikuwa kimefungwa kwa mbele, kizito. Alipiga magoti akakifungua mkekani. Ndani mlikuwa na mayai, moja la kijiji hiki, mawili ya kile, ya kahawia na meupe, na kila moja lilikuwa na alama ya mkaa: msalaba upande mmoja, duara upande wa pili.

"Kamata, yaya," alisema. "Mayai yangu minyi haina tena kazi."

Waliyapanga pamoja, mikono ikigongana, wakafunga. Kipimajoto kikapanda hadi thelathini na saba na nusu, kikazidi kidogo, kikasimama. Noémie akaketi, akauliza vifaranga wamekwenda wapi.

Bilonda alikung'uta kitenge, akakikunja mara nyingi mpaka kikawa kidogo, lakini hakwenda nyumbani. Jioni zamu ya kugeuza ilipofika alinawa mikono kwa sabuni. Kapinga aliinua kifuniko na mtoto akaanguka katikati ya neno. Wanawake wawili waligeuza, kila mmoja upande wake, na Bilonda alimaliza kwanza, kwa kuwa njia nzima ya vijijini alikuwa anajizoeza. Juu ya bati nyaya zilianza kuvuma, maana mvua ilikuwa karibu. Kapinga alifunga. Noémie akamalizia sentensi yake, na Bilonda, ambaye hakuwa amesikia mwanzo wake, akamwomba aanze upya.