Gauni Ndani ya Gari Lililofungwa

Wifi yangu hawezi kuona kitu kinalegea akakiacha. Kola ikilala ataitia gamu, kile kitambaa kigumu cha ndani, bega likishuka ataliwekea sponji, meza ya kukatia ikiyumba atachomeka kitambaa chini ya mguu. Ndiyo kazi yetu, mimi na yeye: cherehani mbili, chumba kimoja, na kwa sindano hakuna wa kutuambia kitu. Lakini siku ile alinitoa jasho.

Tulikuwa nje ya ukumbi wa harusi. Bibi harusi, binti yake yeye na mtoto wa kaka yangu mimi, alikuwa chumba cha pembeni, nywele tayari, uso tayari, mwilini ana joho la kulalia. Gauni lake lilikuwa limelazwa kiti cha nyuma cha gari, na gari lilikuwa limefungwa. Wifi ndiye aliyeliegesha. Alibonyeza kitufe cha ndani, akashuka na rimoti mkononi, akabamiza mlango. Sasa rimoti ilikuwa haifungui.

"Vunja kioo," alisema kaka yake wifi, ambaye tayari alishaokota jiwe. Huyo tangu utotoni kila ugonjwa dawa yake ni jiwe.

"Kioo kimwagike wapi? Juu ya hariri?" nilimjibu. "Weka jiwe chini, shemeji, kabla sijakuwekea mimi."

"Basi mkamkodie lingine. Madukani magauni yamejaa tele."

Hapo damu ilinichemka. Yule mtoto alianguka vibaya akiwa mdogo, bega moja likapona likiwa juu ya mwenzake na mgongo ukapinda. Gauni la dukani humning'inia upande mmoja kama limetundikwa kwenye msumari, kwa hiyo amekua akijificha ndani ya mashati mapana. Hili tulilikata juu ya mwili wake mwenyewe, tukalifumua, tukalikata tena, mpaka siku aliyosimama mbele ya kioo akaniambia, "Shangazi, kumbe mimi ni mzuri." Halafu mtu ananiletea habari za kukodi!

Na muda haukuwa wetu. Mfungishaji ndoa alishatuma neno kwamba ana harusi nyingine baada ya yetu, na hatangoja.

Kila mtu akawa fundi. Mpiga picha alisema rimoti iwekwe kidevuni ndipo isikike mbali. Wifi akasimama pale ameinua uso kama mwenye jino bovu, na gari likanyamaza. Mwingine akasema vipaza sauti vya ukumbini ndivyo vinavyoingilia mawimbi. Vikazimwa vyote, mshereheshaji akabaki anapiga kelele kwa koo lake. Wapi!

"Mama, humo ndani ya rimoti huwa kuna kiufunguo cha chuma," alisema dereva wa maharusi. "Kichomoe ufungulie mlango."

Wifi aliinama. "Kilikuwa kinakwaruza vitambaa mkobani. Nilikitoa."

"Ukakiweka wapi?"

"Ndani ya gari."

 Kuna wakati hata tusi huona haya kutoka.

Nilimnyang'anya ile rimoti, nikaikinga jua kwa kiganja, nikabonyeza. Taa yake ndogo nyekundu haikuwaka hata kidogo. Kuwasha gari huchomekwa tu kwenye tundu lake, haihitaji betri; kufungua mlango ndiko kunakohitaji. Basi gari halikuwa na kosa. Lingeitikaje, na hakuna aliyeliita?

"Wifi, ulikigusa hiki kitu?"

"Nimekitia betri mpya asubuhi. Ile ya zamani ilishachoka."

"Halafu?"

"Halafu ikawa inacheza humo ndani. Nyembamba kuliko ya kwanza. Sasa mimi nikaona..." Hakumaliza, wala sikuhitaji amalize. Tumeshona pamoja miaka mingi mno.

Nilitoa mkasi wangu mdogo wa kukatia nyuzi, nikaifungua rimoti. Chini ya betri palikuwa na kiduara cha gamu nyeupe, kimekatwa kwa ustadi wa hali ya juu.

"Wifi! Umeitandikia betri godoro!"

"Isicheze," alisema kwa unyonge.

Watu waliangua kicheko, nami nikacheka nao. Kumbe kosa ni hilo: umeme haupiti kwenye gamu. Lakini nikiitoa tu, ile betri nyembamba haigusi chuma cha chini. Pengo lilitakiwa kujazwa kwa kitu kinachopitisha umeme.

"Nani ana karatasi ya kung'aa? Ya sigara, ya peremende, yoyote!"

Shemeji aliangusha jiwe lake, akatoa chokoleti mfukoni na kuivua nguo yake ya kung'aa. Nilikata kipande kidogo kama ukucha, nikakikunja kama pindo la leso, nikakilaza mahali pa gamu na kufunga.  Nikabonyeza.

Taa ikawaka. Gari likalia kwi-kwi, na milango yote ikafunguka kwa mpigo mmoja. Vigelegele vilivyopigwa pale, ungedhani ndoa imeshafungwa. Wifi alinikumbatia analia.

"Utalia baadaye," nilimwambia. "Shika pindo, mimi nashika kifua. Twende!"

Tulimvalisha mbio mbio, lakini vifungo havikutukatalia hata kimoja. Milango ya ukumbi ilipofunguliwa, gauni lilikuwa limemkaa kama ngozi yake, na ukumbi mzima ukainuka. Alitembea mpaka mbele. Mfungishaji ndoa akatazama saa, akafungua kinywa.

"Samahani, ngoja kidogo," alisema bibi harusi.

Kisha mtoto wetu akageuka polepole, hana haraka na mtu, akawapa watu wote mgongo wake, akauacha utazamwe mpaka aliporidhika mwenyewe.