Matanga ya Mtani Wangu Stambuli

Simu ilinikuta saa nane mchana, nikiwa ofisi ya kata. Daktari aliongea kwa kifupi: majibu ya Stambuli yametoka, ni kipindupindu. Stambuli mwenyewe tulikwishamzika asubuhi ile. Muda huo nyumbani kwake Bigwa watu walikuwa wanapakua wali wa matanga, na maji ya kunywa yanatoka kwenye kisima chake.

Kisima kile nakijua. Mimi ndiye bwana afya wa kata, na wiki moja kabla nilisimama ukingoni mwake nikamwonyesha Stambuli jinsi choo chake kilivyokaa juu ya mteremko, na jinsi masika yanavyoshusha kila kitu chini. Nikamwambia akifunge kisima. Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mtani, una njaa wewe. Sema nikupe ndizi uondoke."

Ukoo wake na wangu ni watani tangu zama za bibi zetu huko milimani. Sijawahi kumwambia neno akaliamini, wala yeye mimi. Basi nami nikacheka, nikala ndizi, nikasema nitarudi.

Nilivaa buti za mpira na barakoa, nikajitwika bomba la kupulizia dawa mgongoni, nikapanda bodaboda. Nilipoingia uani, kabla sijafungua mdomo, watu wakaangua kicheko. Kwetu msibani mtani ndiye mvurugaji. Humwaga chakula, huiga mwendo wa marehemu, ili wafiwa wapate kupumua. Na asubuhi ile mimi mwenyewe nilikuwa nimelala ndani ya kaburi, nikagoma kutoka mpaka nipewe kuku.

"Hajatosheka na kuku," alisema Hafidhi, mdogo wake marehemu. "Sasa kaja kutupulizia kama mende."

"Msinywe maji hayo," nikasema. "Stambuli kafa kwa kipindupindu. Kisima kimeingia maji ya choo."

Wakazidi kucheka. Mama mmoja akasema mtani huyu anaijua kazi yake, apewe sahani. Nikalipiga teke pipa la maji likaanguka, vikapigwa vigelegele, na wanawake wawili wakashika ndoo wakarudi kisimani. Nikamnyang'anya Hafidhi kikombe. Akachukua kingine, akanywa taratibu huku akinitazama usoni.

Hapo nguvu zikaniishia. Sheria ninayo, muhuri ninao, na watu nawaona wanakunywa mbele ya macho yangu. Pembeni mama alikuwa anamnywesha mtoto. Machozi yakanitoka, nao wakapiga makofi, maana Stambuli alikuwa mwepesi wa kulia na walidhani namwigiza.

Bi Asia, mama yake Stambuli, alikuwa amekaa mkekani na kikombe mkononi. Maisha yangu yote bibi yule nimemwita mchumba wangu. Nikimkuta sokoni namuuliza tunaoana lini, naye ananitukana mpaka wauza nyanya wanaacha kazi. Salamu ya heshima haijawahi kupita kati yetu, kwa sababu mtani haamkii mtani.

Nilivua barakoa, nikapiga magoti kwenye tope mbele yake.

"Shikamoo, mama."

Waliokuwa karibu walinyamaza kwanza, kisha ua mzima.

"Utani wetu nauvunja leo," nikasema. "Mimi si mtani wenu tena. Nikifa msije. Lakini maji haya yanaua, mama, nakuomba."

Nilisikia vikombe vinawekwa chini, kimoja kimoja. Yule mama wa pembeni akamtia mtoto vidole mdomoni ili atapike. Hafidhi akashika tumbo, ingawa ilikuwa mapema mno kuuma. Nikasema wote waliokunywa wasitawanyike, gari la wagonjwa nimeshaliita. Safari hii hakuna aliyecheka.

Bi Asia alikitazama kikombe chake. Kilikuwa kitupu. Akakilaza mkekani polepole.

"Kumbe unaweza kuniamkia," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Wiki ile ulikuja hapa. Nilikuwa ndani, nakusikia unavyocheka na mwanangu." Alivuta khanga akajifunika mabega. "Ungeniamkia siku ile."