Mpwa Wangu na Daktari wa Ngozi

Mwaka 1995, milango ya biashara ilipokwisha kufunguliwa, soko la Morogoro lilijaa vikopo vya krimu vilivyotoka nchi tusizozijua. Sisi tuliolelewa bwenini, tuliooga maji ya baridi kwa sabuni ya kipande kabla ya kengele ya alfajiri, tulivitazama kwa dharau. Mpwa wangu Yustina, mwalimu wa darasa la tatu, hakuvidharau. Alichanganya krimu tatu katika kikopo kimoja, akapata mkorogo, akajipaka. Uso uling'aa miezi minne, kisha mashavu yakaingia mabaka meusi kama masizi ya sufuria.

Kwetu Uluguru mtoto wa dada ni wa mjomba. Ni mimi niliyepokea posa yake, na ni mimi niliyepanga harusi ifungwe mwisho wa Agosti katika kanisa la misheni, Matombo. Nilimwambia Mzee Yeremia wa Kingolwira, baba wa bwana harusi, kwamba mlima utahama kabla ya tarehe yangu kuhama. Zikiwa zimebaki wiki saba, Yustina alinijia amejifunika kitambaa hadi puani.

"Mjomba, sitasimama altareni na uso huu."

Nilimpeleka kwa Scholastika, afisa tabibu aliyesomea magonjwa ya ngozi. Chumba chake nyuma ya soko kilikuwa na kitanda, beseni na taa, basi. Alikuwa akitibu mabaka kwa kuupaka uso asidi isiyo kali, ngozi ya juu ibanduke na kuipisha mpya.

"Ngozi yetu ina hasira," alituambia. "Ukiiunguza kwa pupa, hulipiza kwa weusi zaidi. Wiki mbili za kwanza hakuna mkorogo kabisa. Kisha nitachubua mara tatu, kila baada ya wiki mbili."

Nilipiga hesabu: tungewahi, ila siku hata moja isipotee.

Wiki mbili zilipotimia nilimrudisha. "Ameacha," nilisema. "Nakupa neno langu."

Scholastika aliushika mkono wa Yustina, akaunusa, akaugeuza chini ya taa. Ndani ya kucha mlikuwa na krimu ya rangi ya waridi.

"Hii ni ya leo asubuhi. Bwana Ernest, neno lako nimelipokea, lakini ngozi yake haijalipokea. Leo sichubui."

"Daktari, unajua unazungumza na nani?"

"Na mjomba wa mgonjwa. Hata angekuwa mpwa wa waziri, dawa ingemuunguza vilevile."

Yustina alianza kulia. "Nilipoacha mabaka yalizidi, mjomba. Niliogopa."

"Huzidi kwa kila anayeacha," Scholastika alisema, sauti imelainika. "Ungenijia nikakwambia. Sasa tuanze upya, au uolewe na uso ulio nao. Nikichubua juu ya mkorogo nitakuachia kovu nisiloweza kuliondoa."

Nilitoka nimekasirika. Nilipofika barabarani, hasira ilikuwa imebadilika kuwa heshima. Mwanamke mwenye kitanda kimoja alikuwa amemfukuza mteja na kumpinga mkubwa wake kwa umri, kwa sababu kazi yake ilimtaka afanye hivyo. Shuleni tulihubiriwa msimamo wa namna hiyo miaka minne. Watu walioushika ninawahesabu kwa vidole.

Kwa kuwa tarehe niliitamka mimi, hakuna mwingine aliyeweza kuihamisha. Nilikwenda Kingolwira, nikamkuta Mzee Yeremia akipukuchua mahindi.

"Ernest! Si ulisema mlima utahama kwanza? Mbona bado nauona pale?"

"Mlima upo, mzee. Tarehe ndiyo iliyohama. Nilimdhamini mpwa wangu bila kumtazama mikono."

Alicheka hadi punje zikamwagika. "Nimeishi hadi kuyasikia haya kwako! Haya, lini?"

"Oktoba."

"Oktoba. Na usiape tena, utatuchosha."

Safari hii Yustina aliacha kweli. Siku ya kuchubuliwa Scholastika alipaka dawa kwa brashi, macho kwenye saa. Yustina aling'ata meno. Dakika ya tatu dawa ilizimwa kwa maji ya magadi.

"Siku saba asiguswe na jua," Scholastika aliagiza. "Usinitazame hivyo, Bwana Ernest. Mimi wa Matombo, najua mnavyomweka mwali ndani. Mwekeni tena."

Basi mwalimu wa miaka ishirini na sita, aliyekwisha kuchezwa ngoma za unyago zamani, akachukua likizo na kuwekwa ndani nyumbani kwangu. Shangazi zake walimtania: "Mwali huyu ana mvi!" Siku ya nne ngozi ilibanduka kama maganda ya kitunguu saumu. Nilimkuta ameikalia mikono yake asijibandue ngozi, nikaona kwamba uthabiti haufundishwi bwenini peke yake.

Baada ya mara ya tatu, Scholastika aliinua kioo. Uso ulikuwa laini, wenye rangi yake ya kuzaliwa, isipokuwa mabaka mawili hafifu karibu na masikio.

"Haya yanataka mwaka mzima," alisema. "Sitawadanganya."

Yustina aliyagusa mabaka hayo kwa kidole. Mimi nilikwisha kuanza kutafuta maneno mapya ya kumwambia Mzee Yeremia.

"Mjomba, usiende Kingolwira," alisema. "Nitasimama nayo altareni." Kisha akamgeukia Scholastika. "Nawe, Daktari, siku ya harusi usimame nami uwe shahidi wangu."

Scholastika alilichukua beseni, akazunguka nalo chumbani, asijue aliweke wapi.