Fungu la Duka

Yeo-jin alikuwa akishona vifungo vya makoti ya kike katika karakana yao ya nyumbani, mgongo ameuelekeza dirishani, na mwanawe Ra-on amelala ndani ya kapu la vipande vya vitambaa karibu na miguu yake. Simu ilikuwa mfukoni mwa aproni. Ilipotetemeka aliweka sindano chini, akamtazama mtoto, akamkuta analia, akamchukua. Ilipotulia aliendelea kushona. Yeo-jin ni kiziwi tangu utotoni, na mumewe Do-gyeom, anayepandisha marobota ya vitambaa kwa pikipiki katika vilima vya Changsin, mtaa wao wa washonaji, ni kiziwi vilevile.

Mara nyingine alimtupia mtoto jicho bila kuitwa, akakuta mdomo umefunguka mpaka ufizi, machozi yanateremkia masikioni, na simu imetulia tuli. Hapo alimgeukia mama mkwe wake, ambaye masikio yake ni mazima, naye alikuwa ameketi palepale akikata figili za kuchachusha.

"Umesikia?" alimwuliza kwa mikono.

Mama mkwe alifuta kisu kwenye aproni ndipo naye akajibu kwa mikono. "Sijasikia kitu, Mama Ra-on. Hicho wamekichukua wao."

Hao wao walikuwa ni Duka.

Programu iliyotetemesha simu iliitwa Sikio. Aliitengeneza Bok Eun-sil, binti wa wazazi viziwi, aliyepanga chumba juu ya kinyozi mtaani hapo. Tangu akiwa mdogo yeye ndiye aliyekuwa sikio la nyumba yao, mtoto wa kumvuta mama nguo kumwambia mdogo analia, mlango unagongwa, sufuria inafurika. Alipokua akaifundisha simu kazi ile. Simu za mtaani, kama simu za kila mtaa, zilikuwa na mlango mmoja wa kuingizia programu, na mlango huo ulikuwa wa Duka. Hakuna aliyekumbuka kuuchagua. Duka lilikuwa mali ya kampuni ya ng'ambo, nalo lilichukua tatu katika kumi za kila kinachopita.

Eun-sil alidhani ni fedha. Akina mama walilipa ada ndogo, Duka likakata fungu lake, yeye akanuna kidogo akaendelea na kazi. Baadaye Duka likaanza kukata na vilio. Katika kila vilio kumi vya mtoto, vitatu havikusikika, si na simu, si na bibi, si na mpangaji wa chini ambaye zamani alizoea kugonga dari kwa mpini wa ufagio. Mpangaji huyo alisema kwamba yeye binafsi hana malalamiko.

Watu walizoea. Mkataba ulisema "kila kinachopita", na kilio nacho kilikuwa kinapita. Mama mkwe alisema wafalme wa zamani walichukua mpunga, na katika mpunga walau unaweza kuficha kidogo chini ya sakafu.

Eun-sil alivaa koti lake zuri akaenda ofisini kwao, ng'ambo ya mto, katika jengo ambalo lifti zake hazina vitufe. Msichana wa mapokezi alimkaribisha kwa mikono miwili.

"Nimekuja kuulizia vilio."

"Vya programu gani?"

"Sikio."

Msichana alitazama kompyuta. "Vipo. Vimetunzwa vizuri, hakijapotea hata kimoja."

Nyuma ya ukuta wa kioo chenye ukungu Eun-sil alivisikia, vingi, vimepandana kama kelele za soko. Alikitambua cha Ra-on, chenye kwikwi katikati.

"Mnavifanyia nini?"

"Hatuvifanyii kitu, dada. Ni fungu letu tu. Kama haikuridhishi unaweza kuiondoa programu yako, hatumlazimishi mtu."

"Nikiiondoa niipitishe wapi?"

Msichana alifikiri kwa dhati. Alionekana mtu mwema. "Hilo sijawahi kuulizwa," alisema, akampa peremende ya mzizi wa jinseng ya kula njiani.

Kosa lililofuata lilikuwa la Eun-sil, na ni kosa ambalo mtu yeyote wa mtaa ule angelifanya. Huku, ukialikwa harusini, kadi inakuwa na namba ya akaunti ya baba wa bwana harusi na ya mama wa bibi harusi. Ukipewa habari ya msiba, chini ya jina la marehemu pana namba ya akaunti. Hakuna anayeona vibaya. Asiyeweza kufika atume chochote. Basi Eun-sil naye akaandika namba yake ya akaunti chini kabisa ya ukurasa wa mwisho wa Sikio, kwa mama atakayependa kumtumia moja kwa moja. Akasahau kwamba ameiandika.

Duka halikusahau. Lilisema kwamba ameonyesha watu njia ya kupita pembeni, na likaiondoa Sikio.

Siku hiyo vilio vyote vilikwenda, vyote kumi. Katika nyumba zote zilizokuwa na Sikio watoto waliendelea kulia kama kawaida yao, na mtaa ukawa kimya kama vile wamesafiri. Do-gyeom alihamishia godoro lake karibu na mtoto akalala ameweka kiganja kwenye kifua chake, ili kilio akishike kikitoka.

Ra-on alikuwa ameanza kutambaa. Pasi ya mvuke ilining'inia kwa mpira wake juu ya ubao mfupi, kama katika kila karakana ya ushonaji. Yeo-jin aliteremka chini kumpa Do-gyeom makoti yaliyokamilika. Mama mkwe alibaki akichambua zipu, ameupa ubao mgongo. Wenye masikio hawatazamitazami, husubiri waitwe. Yeo-jin aliporudi aliona kwanza, kutoka mlangoni, mdomo wa mwanawe, halafu mkono wake ulivyogandia kwenye pasi, halafu mama mkwe akitikisa kichwa taratibu, anajiimbia wimbo.

Hospitalini walifanya walichoweza. Vidole viwili vya mkono wa kulia viligandamana, vikawa kama kimoja kipana.

Mama mkwe aliacha kula figili. Kila alipokaa aliuliza lilelile. "Nilikuwa hapahapa. Nina masikio mawili, na nilikuwa hapahapa. Mtanisema nini kwa mwanangu?"

"Mama, hakikufika kwako," Yeo-jin alimjibu kwa mikono. "Kingefika ungegeuka."

Eun-sil alifuta namba ya akaunti, akabonyeza mahali pa kuomba radhi. Duka lilikubali radhi. Lilirudisha vilio saba.

Kesi ile ilifika Bungeni, katika kamati iliyokuwa ikitafakari kama serikali iyatungie sheria maduka ya namna hiyo au iyaache. Yeo-jin aliitwa, akaenda na Ra-on na mkalimani. Mwanasheria wa Duka alizungumza vizuri. Alisema Duka ni ukuta, na ukuta ukitobolewa mlango mwingine, wezi wataingilia hapo, na wa kwanza kulia watakuwa hao hao wanyonge. Hilo lilikuwa na ukweli ndani yake, wezi wapo. Baadhi ya wajumbe waliandika neno ukuta.

Katikati ya maelezo Ra-on aliona njaa akafungua mdomo. Mwandishi wa kumbukumbu akaandika kwamba mtoto alikaa kimya. Mjumbe mmoja mzee, kutoka kusini, aliinama mbele.

"Mama, mtoto ana nini?"

"Analia," Yeo-jin alijibu kupitia kwa mkalimani.

"Mbona mimi sisikii?"

"Hata mimi, mheshimiwa."

Mzee aliegemea kiti, akaendelea kuutazama mdomo wa mtoto. Kura ilipopigwa, sheria ilipita. Ilisema kwamba hakuna Duka litakalokuwa na mlango mmoja tu. Magazeti ya ng'ambo yaliandika. Katika karakana walipika supu ya mwani ya mzazi ingawa hakuna aliyejifungua, na Do-gyeom akanywa pombe ya mchele mpaka akamkumbatia mpangaji wa chini.

Duka lilitii. Lilitoboa mlango wa pili, mpana, wenye kibao. Eun-sil alikuwa wa kwanza kuupita, akarudi karakanani jioni ileile.

"Unafunguka wapi?" mama mkwe alimwuliza.

"Ukumbini mwao."

"Ukumbini mwa nani?"

"Mwao, mama. Yupo karani amekaa. Anachukua ishirini na sita katika kila mia."

"Zamani walikuwa wanachukua thelathini."

"Ndiyo."

Mama mkwe alivuta kapu la zipu. "Basi tumshukuru mheshimiwa. Tumerudishiwa vinne, vya kutosha kupiga chafya."

Maofisa wa serikali walikuja na mita, wakapima mlango kimo na upana, wakaona ni mlango. Sheria ilisema uwepo. Haikusema uelekee wapi. Walitia sahihi, wakaahidi kulitazama jambo hilo, na, tusiwaonee, bado wanalitazama.

Maisha yakaendelea. Akina mama wa Changsin wamegeuza meza zao za kushonea, sasa wote wanashona wakiwa wameelekeana na makapu. Ra-on amejifunza alama za mikono mapema, anazitengeneza kwa kile kidole kipana, na watu wa mtaani wanamwelewa. Anapotaka maji huomba hata mara tatu mfululizo, akidhani kuomba pia kunakatwa.

Mwaka jana Yeo-jin alijifungua binti. Alikuwa ameshamwandikisha kwenye Sikio kabla hajazaliwa, kama wafanyavyo wote, maana anayechelewa hupangwa nyuma. Mkunga alimpokea mtoto, akampangusa, akamshika kichwa chini. Mdomo ukafunguka. Chumbani hapakusikika kitu.

"Cha kwanza kimekatwa," mkunga alimwambia daktari, bila kugeuka. "Tusubiri cha pili."

Wakasubiri. Cha pili kilipotoka daktari alitazama saa akaiandika hiyo kuwa ndiyo saa ya kuzaliwa.

Yeo-jin aliuona mdomo ukifunguka mara mbili. Wakamwekea mtoto kifuani, akamnyonyesha titi la kushoto kwa kile kilio walichokisikia. Alipotosheka na kusinzia, akamwamsha kwa kumgusa shavu, akamnyonyesha na la kulia.