Kiingereza cha Kuvukia Mto

Ukipata pancha sokoni Nambiro, huna pa kwenda ila kwa Lyson Mukhuna. Na mwaka ule wa uchaguzi kwake ulilipa mara mbili: hela ya kiraka, halafu kitenzi kimoja cha Kiingereza.

"Lete neno," angesema, mkono mmoja umeng'ang'ania tandiko.

"Fundi, niachie bwana, samaki wangu wanaoza!"

"Kuoza nako ni kitenzi. Leo wanaoza. Jana je?"

Muuza samaki angekuna kichwa, walio nyuma yake wangempigia kelele, mmoja angemnong'oneza jibu, na baiskeli ingeachiwa.

Usidhani Mukhuna alikuwa mtu wa michezo. Tangu mkewe Efelo afariki, wengi walimzoea kwa kulaani tu, na hakuwa na haja ya kutafuta wa kumlaani. Efelo alifia ukingoni mwa mto Namasoko, juu ya baiskeli ya machela ambayo Mukhuna aliiunga kwa mikono yake mwenyewe. Zahanati ilikuwa ng'ambo, inaonekana hata bati lake. Daraja lilikwenda na mafuriko, na diwani alishaahidi mara tatu kulirudisha. Siku Efelo anakata roho, diwani alikuwa mjini kwenye semina, ya madaraja eti, anakula kuku.

"Wakubwa hawavuki mito," Mukhuna alizoea kusema. "Wanavuka kurasa."

Basi alipotangaza kwamba atagombea udiwani yeye, wakamwonyesha kigingi. Mgombea lazima athibitishe kuwa anajua Kiingereza. Mwenye cheti cha kidato cha nne anapita. Asiye nacho aende bomani akafanye mtihani. Akianguka, jina lake haliandikwi kwenye karatasi ya kura. Na Mukhuna shule aliiacha darasa la nne.

"Hivi mto wenyewe unajua Kiingereza?" alimuuliza Madamu Nasibeko, mwalimu mstaafu wa darasa la nane, siku alipokwenda kumwomba amfundishe.

"Haujui. Utajua wewe. Kaa chini, na usininyooshee kidole, mimi siyo serikali."

Mwezi wa kwanza ulimtesa. Maneno aliyoyashika jioni, asubuhi hayapo. Madamu alikaribia kukata tamaa, mpaka siku aliyofuata baiskeli yake kibandani kwa Mukhuna akaona ubao wa vifaa: kila spana ina msumari wake, na nyuma yake kivuli chake kimechorwa kwa rangi, kiasi kwamba ikikosekana moja unaiona palepale.

"Nani kachora hivi?"

"Mimi."

"Kumbe akili unazo! Umezificha kwenye grisi tu."

Kuanzia hapo mambo yakabadilika. Mukhuna aligeuza ubao, akapigilia upande wa pili safu tatu za misumari, jana, leo na kesho, akakata makopo kuwa vibati na kuandika vitenzi juu yake. Vitenzi vingi aliviona vitiifu kama nati za saizi moja: ukitaka jana, unafunga kipande kilekile mwishoni, basi. Vikaidi, kama *go* inayogeuka *went* bila hata kufanana nayo sura, vilikuwa boliti za baiskeli za kizamani. Havina spana. Unavijua kimoja kimoja, kwa kuvishika mara nyingi.

"Na vielezi?" aliuliza.

"Gurudumu linazunguka," alisema Madamu, akionyesha la baiskeli iliyopinduliwa pale. "Linazungukaje?"

"Hilo? Linayumba. Linazunguka taratibu, tena kwa kukwaruza."

"Umemaliza. Kila ukitaja tendo, jiulize, vipi?"

Mukhuna alicheka, jambo ambalo sokoni halikuonekana siku nyingi. Miaka thelathini watu walimletea baiskeli wakisema tu "haiendi", na miaka thelathini kazi yake ilikuwa kuwauliza, haiendi vipi?

Wiki moja kabla ya mtihani alikuja Feston, kaka yake marehemu Efelo, ameshika bahasha kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai.

"Shemeji, usinitukane kwanza. Fungua."

Ndani mlikuwa na cheti cha kidato cha nne. Muhuri upo, na jina ni Lyson Mukhuna.

"Nimeuza mbuzi wawili," alisema Feston. "Ukianguka bomani, imekwisha. Tutakaa na yuleyule miaka mingine. Unadhani chake yeye alikisomea?"

Mukhuna alikikodolea macho kile cheti. Hakuna aliyependa ashinde kuliko Feston. Dada yake ndiye aliyelala udongoni. Na kweli, vitenzi ishirini hivi bado vilikuwa vinamteleza.

"Feston, mimi nawatukana hawa watu kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ni waongo."

"Basi."

Akachukua mkasi wa kukatia viraka, akakata jina lake kutoka kwenye ile karatasi, akalitia mfukoni. Kilichobaki akamrudishia.

"Jina ni langu. Hayo mengine warudishie wenyewe. Na mbuzi nitakusaidia kuwatafuta."

Siku ya mtihani alivaa koti la harusi yake. Asubuhi waliandika. Mchana aliitwa mbele ya watahini watatu wamekaa mezani, wakamwambia aeleze kwa Kiingereza jambo moja la katani kwake. Akaanza na mto. Alipoutamka kwa ulimi wa kwao, mmoja wao, kijana mwenye tai, alicheka, akajifunika mdomo na faili.

Mukhuna alimgeukia. Halafu, kwa Kiingereza chake chenye grisi, akasema, "Mheshimiwa, umecheka haraka. Mimi natembea polepole. Nisubiri ng'ambo."

Mama aliyekaa katikati akaweka kalamu chini. "Endelea, Bambo," alisema, kwa heshima ile ya kumwita mtu baba.

Akaendelea. Aliuona ubao wake ukutani mwa ofisi ile, safu zote tatu. Akawaeleza kilichotokea siku ile ya Efelo, akawaeleza kinachotokea kila mvua zikinyesha, kisha kitakachotokea mvua zijazo wasipojenga. Kila tendo alilifuatisha na vipi yake. Alipomaliza, kijana wa tai alikuwa anaandika, hacheki.

Matokeo yalibandikwa ukutani siku ya tisa. Sokoni Nambiro hakukuwa na wa kumuuzia mtu kitu. Baiskeli arobaini zilikwenda bomani, nyingi zina viraka vyake. Watu walitaka kumsomea, akawakataza. Akashusha kidole mwenyewe. Mukhuna L., hamsini na saba. Kufaulu ni hamsini.

"Shemeji, ni nyingi hizo?" aliuliza Feston.

"Zimezidi walizotaka kwa saba."

"Wanafunzi wangu walikuwa wanapata tisini," alisema Madamu Nasibeko, akipangusa macho kwa ncha ya kitenge. Halafu akawageukia watu wote uani: "Huyu ni wangu! Mnamwona? Darasa la nne, huyu!"

Wakarudi kwa nyimbo mpaka Namasoko, na pale nyimbo zikakatika. Maji yalikuwa ya mapajani. Mukhuna alivua viatu na koti la harusi, akaingia wa kwanza, akasimama katikati ya mkondo, akanyoosha mkono kama anavyofanya kibandani.

"Leteni neno!"

Wakapita mmoja mmoja, baiskeli begani, kila mtu anapaza kitenzi chake, wengine na jana yake. Muuza samaki alitoa cha kuoza, safu zote tatu, bila kunong'onezwa. Madamu walimbeba wanaume wawili kwa mikono iliyofungamana, naye huko juu anasahihisha kila kosa.

Alipofika usawa wa Mukhuna akawasimamisha. "Na wewe? Lako liko wapi?"

Mukhuna aliutazama ule ukingo ambapo machela ya Efelo iligeuzwa kurudi nyumbani. Akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kufika zahanati, kwamba atajenga.

"Vipi?"

"Tuvuke kwanza, Madamu," alisema, akaipokea baiskeli yake kwa aliyemshikia. "Maji yanapanda."