Maziwa Yaliyopashwa Mara Mbili

Kila asubuhi, kabla hata hajabadilisha viatu, Mama Mtambo, mtunza maziwa wa wodi ya watoto njiti, huutia mtambo wake maji mpaka kwenye alama. Kisha huzipanga chupa za maziwa ya akina mama, shingo zikiwa nje ya maji. Maji hupanda moto hadi nyuzi sitini na mbili na nusu, hukaa hapo nusu saa, halafu hupozwa upesi. Hayachemki. Mvuke ukianza kutoka, baadhi ya vidole vya wale akina mama hutoka nao, vyepesi, humpapasa Mama Mtambo shavuni na kupotelea dirishani. Yeye huendelea kubandika lebo.

Mtambo wenyewe si mbaya, tusiuonee. Zamani maziwa yaliyotoka nje watoto walipewa vivi hivi, yakaja na vijidudu vyake, na wodi ikapata msiba ambao wauguzi wa siku hizo hawapendi kuuzungumza. Ndipo ikawekwa kanuni. Maziwa ambayo mama amejikamua palepale wodini, muuguzi akiona, mtoto hupewa mabichi. Yanayoingia kwa mlango, yawe ya mfadhili, yaani mama mwingine anayejitolea maziwa, au ya mama mzazi mwenyewe, hupita mtamboni kwanza.

Mtoto akishanyweshwa, mkono wa aliyetoa maziwa huja kukaa juu ya kitanda chake. Ni mkono tu, kuanzia kiwikoni, na rangi yake na makovu yake. Kazi yake ni kufukuza maradhi, ambayo huingia wodini kama wageni wengine, nao huyapungia yaende zake kama mtu anayefukuza nzi kwenye chakula. Maziwa mabichi huleta mkono wa vidole vitano. Yaliyopita mtamboni huleta wa vidole vitatu, siku mbaya viwili, na kwa siku ya kawaida hivyo vinatosha. Wauguzi wameizoea mikono hiyo. "Jisogeze kidogo nimpime joto," Sista wa zamu husema, na mkono husogea.

Katika kitanda cha pembeni alilala mtoto waliyempa jina la Mzee. Alizaliwa kabla ya wakati, mdogo wa kukaa kiganjani, na paji la uso lilimkunjamana kama mtu aliyekatizwa usingizi. "Mzee kaamkaje leo?" wauguzi waliulizana. "Kaamka na hasira zake." Mama yake alikuwa mshonaji wa kola katika kiwanda cha mashati, na shida yake ilikuwa moja. Likizo yake ya uzazi ilipangwa ianze mwezi wa nane, na Mzee akaja wa sita.

"Tarehe uliileta mwenyewe," msimamizi wa kiwanda alimwambia, tena kwa upole, maana hakuwa mtu wa kufoka. "Mtoto ndiye kawahi. Likizo haiwahi."

Akampa wiki moja ya kujiuguza. Ilipokwisha, mama akarudi kwenye cherehani. Mchana alijikamua katika stoo ya vitambaa, amekaa juu ya marobota, na mama yake mzazi, bibi yake Mzee, akaja kuipokea chupa getini na kuipeleka hospitali. Mama mwenyewe aliachiwa Jumapili tu, siku nyingine akitoka kiwandani muda wa wageni umekwisha, na moyo ulimuuma siku sita zote.

Basi Sista akaona jambo. Mkono uliokuwa ukija kwa Mzee haukuwa na kidole hata kimoja. Kilikuwa kiganja kitupu, laini, chenye kovu la sindano karibu na kifundo. Kilimpapasa Mzee tumboni, kilimbembeleza vizuri tu, lakini kufukuza hakikuweza. Maradhi yalisimama kando ya kitanda yakikitazama. Sista akadhani mtambo umezidisha moto. Mama Mtambo akapima, akapima tena, ukaonekana hauna tatizo. Kesho yake Sista akamsubiri bibi mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mume wangu kaamka salama?"

"Kaamka. Hivi mama, maziwa haya ukishayapokea kule getini, unayafanyaje?"

"Napita nayo nyumbani nayachemsha," bibi akasema. "Yaumuke mara tatu, nayapoza, ndiyo naja. Kitoto kile nikiletee maziwa mabichi, nina akili kweli mimi?"

Sista akakaa naye kwenye benchi, akamweleza taratibu kwamba haya si ya ng'ombe, na kwamba humu ndani yanapashwa tena, na kila moto unaondoka na vidole vyake. Hakumlaumu. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba aoneshwe kile kiganja. Alikijua palepale, maana ndicho alichokifundisha kutunga uzi kwenye sindano. Akakishika akalia kimyakimya, nacho kikawa kinamfuta machozi.

"Nilitaka awe salama," akasema.

"Najua, mama."

Mchana uleule Mzee akapandwa na homa. Daktari akaja, dawa zikaanza. Sista akampigia simu mama mtu, akamwomba aje ajikamue palepale wodini, mtoto apate mabichi. Mama akaenda kwa msimamizi. Msimamizi alilifikiria jambo lile kwa dhati, kalamu imetulia mkononi.

"Lakini nasikia mkono wako uko kule tayari," akasema. "Sasa mwili mzima unakwenda kufanya nini?"

Mama akarudi kwenye kola zake. Alizishona akilia, na wenzake wakamsaidia fungu lake ili aingie stoo mara mbili. Bibi akatoka getini na chupa zile moja kwa moja hadi hospitali, hakupita nyumbani hata kunywa maji. Mama Mtambo akaziweka mtamboni zenyewe tu, bila chupa nyingine, maana kanuni ni kanuni, akausimamia kwa saa mkononi usizidishe hata kidogo. Mkono ukaja na gumba, kidole cha shahada na cha kati. Kwa homa ile havikutosha. Ndipo Sista akafungua maziwa ya wafadhili, akamwongezea Mzee kidogo kidogo, na vidole vya watu vikaja kujazia. Kimoja kilikuwa na rangi nyekundu kwenye kucha, kingine kinene chenye harufu ya chaki. Mkono haukupendeza sana, urefu ulipishana, lakini ulikuwa mkono. Ulipunga siku nzima bila kupumzika. Homa ikajivuta, ikakitazama kitanda mara ya mwisho, ikatoka kwa mlango ilioingilia. Mhudumu aliyekuwa akideki akainua ndoo ili ipite.

Jumapili mama akaja. Vile vidole vya wageni alivishika kimoja kimoja akavishukuru, na bibi naye akavishukuru. Kisha mama akajikamua, Sista akiona, na Mzee akanyweshwa mabichi kwa mrija wake. Mkono ukaja na vidole vyote vitano, ukamfunika Mzee kutoka kidevuni hadi kwenye nepi. Paji la uso likakunjuka. Mama akakaa pale hadi jioni, wakimlea pamoja, yeye na mkono wake, na alikuwa na furaha isiyosemeka.

Muda wa wageni ulipokwisha, akambusu Mzee akachukua mkoba. Mkono ule ukamshika gauni. Akajaribu kuutoa, ukakaza. Ulikuwa na nguvu za mtu wa cherehani, na yeye mwenyewe hakuwa akivuta sana. Sista akaja akapiga magoti, akaanza kuvifungua vidole kimoja kimoja, akivisemesha kwa sauti ileile anayowasemesha watoto.

"Mwachie, mpenzi. Kesho ana zamu ya asubuhi. Likizo yake bado wiki saba."

Alipofika kwenye kidole cha mwisho, kile kidogo kabisa, cha kwanza kilikuwa kimeshashika tena, akaanza upya.